Safari ya watoto wa jazi: kutoka Likasi mpaka kwenye karamu ya Lubumbashi

Wengi mmetuuliza safari ya Lubumbashi ilikwendaje, na feza za watoto ziko wapi. Tunawaandikia yote, kwa sababu kesho watoto wengine wataitwa kwenda kupiga muziki mbali, na mama mwingine ataulizwa kama anamruhusu binti yake aende.

Kundi letu lina wanafunzi 14 wa sekondari: saksofoni nne, tarumbeta tatu, tromboni tatu, gitaa, besi, piano na ngoma. Bendi kubwa ya jazi kwa kawaida ina watu 17, basi ya kwetu imepungukiwa kidogo, lakini ikianza kupiga hakuna anayesikia upungufu. Wengi walijifunza kupuliza katika fanfari za parokia. Ndiyo maana jirani wengi wa Kikula na Panda wanajua sauti ya tromboni ya jioni hata kama hawajui neno jazi. Wasichana ni watano. Mmoja wao ndiye anayepiga tromboni ya kwanza, na ndiye ambaye baba yake alikataa.

Karamu yenyewe ilikuwa kubwa: watu 300, meza zenye vitambaa vyeupe, wanaume wenye koti nyeusi, wamama wenye vitenge vya bei kali. Waliotuita walitaka muziki wa saa tatu, kuanzia saa moja ya usiku. Baba wa binti yule alisema, "Usiku, mbali na nyumbani, kati ya watu wanaokunywa? Hapana." Hatukumwona kuwa mtu mbaya. Alikuwa anasema kile ambacho sisi wote tulikuwa tunakiwaza.

Tulikaa kwenye lupango la mama mmoja, tukaandika barua kwa waliotuita. Tuliweka masharti matano. Wamama wawili wakae karibu na jukwaa usiku wote. Watoto wale kabla ya kupiga, wala si baada ya wageni kuondoka. Wasiitwe kwenye meza za wageni. Walale kwa masista, wavulana upande wao na wasichana upande wao. Na wasirudi usiku, bali asubuhi, jua likiwa limetoka. Barua ilirudi ikiwa na sahihi. Tulimpelekea baba yule aisome mwenyewe. Aliisoma mara mbili, kisha akauliza, "Nani atakaa karibu na jukwaa?" Tulipomtajia wamama wale wawili, alikubali.

Sharti la kurudi mchana liliwashangaza vijana kidogo, kwa kuwa walitaka kulala vitandani mwao. Tuliwakumbusha habari ya Jean-Bosco Mwenda. Mzee huyo alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, na hapa kwetu Likasi, wakati mji ulipoitwa bado Jadotville, ndipo Hugh Tracey alipomkuta akipiga gitaa mwaka 1952 na kunasa muziki wake. Gitaa lake lilisikika mpaka Nairobi na Ulaya. Alikufa kwa ajali ya gari huko Zambia mwaka 1990. Vijana walinyamaza. Barabara haiulizi kama unajua kupiga vizuri.

Tuliondoka siku ya posho saa mbili ya asubuhi. Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni kama kilomita 120. Ilikuwa kipukwe, wakati wa baridi na vumbi, milima ya mji ikiwa imekauka na majani yamegeuka rangi ya chai. Basi lilijaa kabla hata watoto hawajapanda, kwa sababu ngoma peke yake zilichukua viti vitatu. Besi ilisafiri imelala katikati, imefunikwa blanketi kama mgonjwa.

Anayeijua barabara ile anajua kwamba dereva hashindani na kitu kingine ila malori. Yanashuka yamebeba shaba na kobalti kuelekea Kasumbalesa, moja nyuma ya lingine, na ukijaribu kuyapita unaona vumbi tu. Tulimwambia dereva tangu mwanzo, "Papa, sisi hatuna haraka, tuna watoto." Kandokando kulikuwa na mifuko ya makala imesimama mistari, na wamama wameketi nyuma yake wakingoja mnunuzi. Pale Luisha tulisimama watoto wanyooshe miguu. Tulitoa mikate, mayai ya kuchemsha na karanga tulizobeba. Hatukununua chakula njiani, maana mtoto akiumwa tumbo, hakuna mtu wa kushika nafasi yake katika bendi.

Katika basi mama mmoja aliuliza kile ambacho wengine walikuwa wanakificha: "Hii jazi si muziki wa ng'ambo? Inatuhusu nini?" Mwalimu wa muziki akaeleza. Jazi ilizaliwa kati ya Weusi wa New Orleans, Marekani. Katika mji huo kuna uwanja unaoitwa mpaka leo Congo Square, mahali ambapo zamani watumwa walikusanyika siku ya Mungu kupiga ngoma na kucheza. Watu wengi sana waliuzwa ng'ambo ya bahari kutoka pande za Kongo, na ngoma zao ziliwafuata kichwani hata walipokuwa hawana kitu mkononi. Kisha neno likarudi nyumbani. Joseph Kabasele aliita kundi lake African Jazz, na mwaka 1956 OK Jazz ikaanza Léopoldville, hata kama walichopiga kilikuwa rumba. Rumba hiyo ndiyo UNESCO iliyoiandika mwezi wa Desemba 2021 kuwa urithi wa dunia nzima, kwa jina la Kongo zote mbili.

Mwalimu aliongeza habari iliyotugusa sisi wamama zaidi. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mkubwa kuliko wote, alikuwa mtoto wa mama maskini. Alipokuwa mvulana alipiga bastola hewani usiku wa kuamkia mwaka 1913, akakamatwa na kupelekwa katika nyumba ya watoto watukutu. Humo alifundishwa kupuliza vizuri, akawekwa kiongozi wa bendi ya watoto. Mtu huyo huyo alifika Elisabethville, yaani Lubumbashi yetu, mwezi wa Novemba 1960, akiwa anajulikana ulimwenguni. Mama aliyeuliza akasema, "Basi kumbe mtoto mtukutu ni wa kupewa tarumbeta." Tulicheka mpaka tukaona ule mnara mrefu wa kiwanda na mlima mweusi wa takataka za shaba kando yake. Anayefika Lubumbashi anaviona hivyo, naye anajua amefika.

Saa tisa watoto waliingia ukumbini kujaribu vyombo. Hapo tulijifunza jambo. Kwenye baridi, tarumbeta na saksofoni zinashuka sauti, hazikubaliani tena na piano. Mwalimu aliwaambia wasianze kupiga mara moja, bali wapulize pumzi ya moto polepole ndani ya vyombo mpaka vipate joto, ndipo warekebishe sauti. Wale wa saksofoni walilowesha mianzi yao mdomoni. Ukumbi mzima ulikuwa na kelele kama ya kundi la bata, na wapishi walitoka jikoni kuangalia.

Wakati huo sisi tulikuwa tunapiga pasi. Watoto hawakuwa na koti nyeusi, na kukodi kumi na nne kungekula malipo yote. Kwa hiyo kabla ya safari tulinunua kitenge kizima cha yadi sita, tukakata tai na mikanda ya kiunoni ya rangi moja. Walivaa mashati meupe na suruali au sketi nyeusi za shule. Walipojipanga, mhudumu mmoja aliuliza kama wametoka Kinshasa.

Saa kumi na mbili chakula cha watoto kilikuwa hakijaonekana. Tulipouliza, msimamizi wa jikoni alisema, "Wanamuziki wanakula mwisho, wageni wakiondoka." Hatukupandisha sauti. Tulimwonyesha barua yenye sahihi, tukasema, "Papa, hawa si wanamuziki wa kukodi. Ni watoto wa watu, na wametoka nyumbani asubuhi. Mtoto anayepuliza saa tatu bila kula ataanguka mbele ya wageni wako." Alitazama barua, akamtazama mama aliyekuwa anaongea, akaita vijana wake. Watoto walipata bukari, kuku na mboga, wakiwa wameketi mezani kama watu. Walikula kidogo, maana tumbo lililojaa nalo linabana pumzi, na sehemu iliyobaki tuliwafungia.

Kisha wakapiga. Tumewasikia mara nyingi wakijaribu katika darasa lenye bati linalolia, lakini hatukuwahi kuwasikia hivi. Mwanzoni wageni waliongea na kukata nyama kama hakuna kitu. Halafu binti wa tromboni akasimama peke yake. Katika jazi kila mmoja anapewa zamu ya kusema maneno yake mwenyewe, wengine wakimshika kwa chini. Akavuta ule mkono wa chombo polepole, sauti ikateleza kama mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya mto. Visu vikasimama.

Lakini kusifiwa nako kuna hatari yake. Mgeni mmoja aliinuka na noti mkononi, akataka kumbandika binti kwenye paji la uso, kama wengi wanavyofanya kwa wanamuziki. Akamwambia aje kuketi mezani kwake. Binti alitutazama. Mama mmoja alikuwa amekwisha kusimama na kikapu, akajiweka kati yao, akainama kidogo kwa heshima, akasema, "Papa, aksanti sana. Weka humu, ni ya wote." Mgeni alicheka, akaweka. Meza ya pili ikaona, ikaweka pia. Kikapu kikazunguka ukumbi mzima mikononi mwa mama yule, na hakuna mtoto aliyeondoka mahali pake.

Saa nne ya usiku muziki ulikwisha. Watoto walilala kwa masista, na siku ya pili kabla ya saa sita walikuwa nyumbani wote 14, na besi yao.

Sasa hesabu. Tulilipwa dola 700. Basi lilichukua 180. Kila mtoto alipata 25, jumla 350. Mwalimu tulimpa 50. Zile 120 zilizobaki ni za mianzi ya saksofoni, mafuta ya tarumbeta na ngozi mpya ya ngoma. Kikapu kilikuwa na franka 140 000, yaani 10 000 kwa kila mtoto. Wazazi walihesabu pamoja nasi na kutia sahihi.

Mama ambaye mtoto wake ataitwa, aulize haya kabla ya kusema ndiyo. Nani mkubwa anakwenda pamoja nao, na atakaa wapi wakati wa muziki? Watakula nini, saa ngapi? Watalala wapi? Watarudi saa ngapi, kwa gari gani? Malipo ni ngapi, na nani anayashika? Majibu yote yawe kwenye karatasi yenye sahihi. Aliye na nia njema hakasiriki akiulizwa. Anayekasirika, amekwisha kukujibu.

Baba wa binti wa tromboni alikuja juma hili. Hakuongea sana. Alileta mafuta ya chombo, kachupa kadogo, akauliza karamu nyingine ni lini, na kama barua yake imekwisha kuandikwa.