Sahani Isiyo na Jina

Mafuriko ya Desemba 2009, Mto Mkondoa ulipovunja tuta na kuingia Kilosa, yaliharibu mengi yenye thamani kuliko sanduku la bati la marehemu gadi wa treni. Ndiyo maana bintiye hakulifungua upesi. Alipolifungua, alikuta sahani za santuri zimegandamana kwa tope. Sahani hizo za zamani, za mizunguko 78 kwa dakika, ziliundwa kwa lakiri, utomvu wa vijidudu vya Bara Hindi, uliochanganywa na unga wa mawe. Maji hayaziyeyushi. Kilichoharibika ni karatasi ya vibandiko, na majina yote yakenda na mto.

Akazifunga katika kanga, akazipeleka Mikumi kwa baba yake mdogo, aliyekuwa bado na gramafoni ya kutia ufunguo. Njia hiyo hupita kijiji kiitwacho Ulaya, na kwa mzigo aliochukua, utani ulimstahiki.

“Shikamoo, baba mdogo.”

“Marahaba, mwanangu. Umeniletea maiti au wagonjwa?”

Nyingi zilijitaja zenyewe mara sindano ilipogusa. Salum Abdallah na Cuban Marimba yake hahitaji kibandiko katika mkoa wa Morogoro. Ikabaki moja yenye ufa, ambayo nyumbani iliitwa “ya Mzungu” tu, zawadi ya meneja mmoja wa shamba la mkonge. Hakuna aliyewahi kuiomba ipigwe. Mzee alikuwa amebakiwa na sindano moja.

Ufa ukagonga kila mzunguko. Chini yake gitaa, na sauti ya mwanamume aliyeimba kwa uvivu. Kisha sauti ile ikavunjika kooni, ikaruka juu, ikashuka, ikaruka tena. Binti akashika mdomo. Ule ulikuwa mlio wa baba yake, aliokuwa akiutoa usiku akirudi kutoka safari za reli ya Mikumi, ili afunguliwe mlango bila ya kubisha. Miaka yote aliamini baba ameutunga mwenyewe.

Namba iliyogandamizwa katika lakiri, ambayo maji hayakuiweza, ilimtaja mwimbaji kwa wajuao kuisoma: Jimmie Rodgers wa Mississippi, aliyeanza kurekodi mwaka 1927 na kufa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Kabla ya umaarufu alifanya kazi ya breki katika treni. Wamarekani humhesabu baba wa muziki wao wa mashambani, na vijana waliouchanganya na midundo ya weusi katika miaka ya 1950 walitembea juu ya njia yake. Mpenzi wa tungo atavutiwa na ubeti wake: mishororo mitatu, wa kwanza ukirudiwa, kisha ule mlio usio na maneno ukishika nafasi ya kiitikio. Mwaka 1928, watu wakiununua wimbo huo Marekani, Siti binti Saad alikuwa Bombay akiimba mbele ya mtambo wa kurekodia, naye akiingia katika lakiri ile ile.

Wala si Kilosa pekee alikopoteza jina. Mwaka 1950, Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis, nchini Kenya, wakimwimba “Chemirocha”, kiumbe nusu mtu nusu paa. Walimsikia katika gramafoni, wakamwumba upya kwa ulimi wao. Wasomi hulicheka jina hilo kuwa kosa la masikio. Si haki. Gadi wa Kilosa hakumpa mgeni wake jina lolote. Alimpa kazi ya kufungua mlango.

Upande mmoja ulipokwisha, mzee alitaka kugeuza. Ufa ulikuwa umesogea upana wa ukucha kuelekea tunduni.

“Acha, baba mdogo.”

“Hutaki kuujua wa pili?”

Binti aliiondoa sahani mwenyewe, akaikunja katika kanga. Upande wa pili haujapigwa.