Andalio la Zoezi la Hatari

Miongoni mwa njia za kufundishia tunazozijadili chuoni, njia ya kuigiza hali halisi ndiyo ambayo wanachuo huipenda zaidi na kuiandalia vibaya zaidi. Mwanachuo hutunga kisa kwanza, kama vile soko, mahakama au safari ya meli, kisha ndipo atafute shabaha ya kukibandika kisa hicho. Kwa ajili hiyo nimekuwa nikisoma kwa makini namna serikali zinavyoandaa mazoezi ya kukabiliana na ajali za nyuklia na mionzi. Huko nako watu huigiza jambo lisilokuwapo. Tofauti ni kwamba ubaya wa andalio huweza kufichika miaka mingi, ukaja kudhihirika siku ambayo watu wanapoteza maisha.

Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilitoa mwongozo wa mazoezi haya mwaka 2005. Mpangilio wake hautakuwa mgeni kwa mwalimu. Shabaha hutangulia, nayo sharti iweze kupimwa. Kuandika kwamba zoezi "litaimarisha utayari" ni kutoandika kitu. Iandikwe, kwa mfano, kwamba ofisi ya wilaya itawapasha habari walimu wakuu wote walio karibu na kinu kabla ya muda fulani kupita. Baada ya shabaha ndipo hutungwa kisa, na baada ya kisa jedwali la matukio: saa, ujumbe, mpelekaji, mpokeaji, na hatua inayotazamiwa. Waongozaji na watathmini hulijua jedwali hilo, watendaji hawalijui. Kila ujumbe hutanguliwa na maneno "hili ni zoezi", ili raia anayesikia kwa bahati asije akakimbia na watoto wake usiku.

Jambo lililonivutia kupita yote ni namna ya kuigiza mionzi yenyewe. Mionzi haionekani wala hainusi, na hakuna serikali itakayoimwaga makusudi ili watu wajifunze. Basi mwongozaji hufuatana na mpimaji akiwa na karatasi yenye tarakimu. Mpimaji asipowasha kipimo chake, asipovaa mavazi yake na kufika mahali panapostahili, hapewi tarakimu yoyote. Akiuliza, hujibiwa, asipouliza, hukaa gizani, na mwongozaji hana ruhusa ya kumwonea huruma. Sisi walimu tuna ugonjwa wa kumpa mtoto jibu kabla hajalihitaji, na sijaona dawa ya ugonjwa huo iliyo nyepesi kuliko karatasi ya mwongozaji.

Lakini andalio lenye kila safu huweza kuwa tupu. Tarehe 30 Septemba 1999, katika kiwanda cha kutayarisha urani huko Tokaimura, Japani, wafanyakazi walimimina kimiminika chenye urani kupita kiasi kilichoruhusiwa, na mionzi mikali ikawapata. Wawili kati yao walifariki baadaye. Mwaka huo huo Japani ilitunga sheria ya maafa ya nyuklia, ikaagiza vijengwe vituo vya uongozi karibu na vinu, na mazoezi ya taifa yakafanywa kila mwaka. Maofisa walikusanyika, ujumbe ulipelekwa, raia walipandishwa mabasi, na aghalabu ajali ya kubuni ilidhibitiwa kabla haijawa kubwa.

Tarehe 11 Machi 2011 lilitokea tetemeko la ardhi, na bahari ikafurika na kukiharibu kituo cha umeme wa nyuklia cha Fukushima Daiichi. Kituo cha uongozi kilikuwa Okuma, kilomita 5 hivi kutoka kwenye vinu. Umeme ulikatika, simu nyingi zikanyamaza, na jengo halikuwa na vichujio vya kuzuia hewa yenye mionzi. Tarehe 15 Machi maofisa walilihama. Katika muda usiotimia siku nzima, mpaka wa eneo la kuhamwa ulisogezwa kutoka kilomita 3 hadi 10, kisha hadi 20. Wagonjwa wazee wa hospitali moja na nyumba yake ya wazee walisafirishwa kwa saa nyingi bila matunzo ya kutosha. Zaidi ya 40 kati yao walikufa. Tume iliyoundwa na Bunge la Japani ilisema wazi mwaka 2012 kwamba mazoezi yale yalikuwa ya sura tu, wala hayakuwahi kuwazia ajali kubwa ikija pamoja na maafa ya asili.

Nimekaa nyuma ya madarasa mengi nikiwa na daftari la tathmini. Mara nyingine mikono yote hunyanyuliwa kwa kila swali, majibu yakatoka bila kikwazo, nami nikatambua kwamba somo lile lilifundishwa jana na leo linaonyeshwa. Watoto hawana hatia. Wamefunzwa kumfurahisha mgeni, kama mabasi yale yalivyofunzwa kufika kwa wakati.

Mwanachuo mmoja aliniuliza: mtu atajitungiaje swali gumu, hali yeye ndiye atakayepimwa nalo? Waandaaji wa mazoezi haya hujibu kwa kuwaleta watathmini kutoka nje ya ofisi inayopimwa, na kwa kuwakutanisha watendaji na watathmini mara zoezi linapokwisha, kabla kumbukumbu hazijapambwa. Kila kasoro huandikiwa mtu wa kuirekebisha na tarehe ya mwisho. Muhula ujao, wanachuo wangu watabadilishana maandalio kabla ya kwenda kufundisha, na kila mmoja atamwandikia mwenzake, katika bahasha iliyofungwa, tukio moja ambalo andalio halikulitazamia. Bahasha itafunguliwa dakika ya kumi na tano ya kipindi.