Mpiga besi pia ana jina

Hii ya leo naandikia bendi changa za huku kwetu, kutoka Kericho mjini hadi Litein, Sotik na Bomet, hasa nyinyi wachache mnaocheza roki huku majirani wakiuliza ni kelele gani hizo. Mkitoa posta ya kutambulisha bendi, wekeni majina ya watu wote. Si muimbaji peke yake. Mpiga besi, mpiga drams, hata yule anayeitikia tu kwa korasi.

Najua mtasema hiyo ni kitu ndogo. Ngoja niwapeleke Kapkatet, mwaka wa 1950.

Mwaka huo Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, alipita huku na mashine yake akirekodi muziki wa Wakipsigis. Kati ya nyimbo alizopata kuna moja inaitwa Chemirocha. Kama hujawahi kuisikia, itafute leo. Ni sauti za wasichana na ala ya nyuzi inayofanana na nyatiti, basi, lakini ukiisikia mara moja haikutoki.

Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mzungu wa Mississippi aliyefanya kazi ya reli kabla hajakuwa nyota wa muziki wa kantri. Kifua kikuu kilimuua 1933 akiwa na miaka 35. Santuri zake zilifika huku na wazungu, zikachezwa kwa gramafoni, watu wakasikia mtu na gitaa wakitoka kwa kisanduku. Jina likapita kwa ulimi wa Kikipsigis likatoka Chemirocha. Wasichana wakamuimba kama kiumbe nusu mtu, nusu swara, wakimuita aje acheze nao.

Sasa hapa ndipo huwa nachanganyikiwa. Mwaka wa 1986, Rock and Roll Hall of Fame ilipochagua watu wake wa kwanza kabisa, Jimmie Rodgers alikuwa ndani, kama mmoja wa waliofungulia roki njia. Kwa hivyo mtu akikuambia roki si ya watu wa majani chai, mwambie wasichana wa Kapkatet walikuwa wamemgeuza babu wa roki kuwa wimbo wa Kikipsigis kabla Elvis Presley hajarekodi chochote. Na hawakumuiga. Walimchukua wakamfanya wao.

Lakini angalia majina. Kwa Chemirocha ya wanaume utapata Bekyibei arap Mosonick na Cherwo arap Korogem. Ile ya wasichana, ambayo ndiyo imezunguka dunia, ina jina moja, Chemutoi Ketienya, halafu "wasichana wa Kipsigis". Imeisha hapo. Sauti zao ziko kwenye makavazi Afrika Kusini, ziko kwa simu yako ukitaka, na wao wenyewe ni "wasichana". Mwaka wa 2015 rekodi hizo zilirudishwa huku, miaka 65 baadaye, na waliozileta wakabaki kuuliza kijiji kwa kijiji nani alikuwa hapo. Kitu ambacho kingeandikwa kwa dakika mbili.

Na tusimlaumu mgeni peke yake. Kipchamba arap Tapotuk wa Koilong'et Band tunamjua sote. Uliza kijana wa rika langu ataje watatu tu waliocheza naye. Utasikia kimya.

Kuna pia mambo ya pesa. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamtambua anayecheza ala au kuimba, si mtunzi peke yake. Lakini kama jina lako haliko mahali popote, utadai ukishika nini? Wimbo ukipata tangazo, aliyeandikwa ndiye anapigiwa simu. Wewe unabaki kwa kibanda cha chai ukisema "hiyo besi ni mimi" na watu wanacheka.

Halafu tuseme ukweli, bendi huvunjika. Mmoja anapata kazi Nairobi, mwingine anapata visa ya Qatar, mwingine anaoa na gitaa linauzwa. Siku hiyo ikifika, majina ndiyo yatabaki kuonyesha mlikuwa wangapi.

Najua wengine mnajificha kwa sababu nyumbani na kanisani roki ni ya shetani. Ni sawa. Tumia jina la jukwaani, lakini liwe lako na ulitumie kila mara.

Kwa hivyo fanyeni hivi. Jina, ala anayocheza, anatoka wapi. Nani alitunga, nani alirekodi, wapi, tarehe gani. Muweke kwa maelezo ya wimbo wenyewe, juu posta hupotea. Na kama kuna mama aliwaitikia kwa korasi siku hiyo kwa sababu alikuwa anapita tu, muulizeni anaitwa nani.

Mkimaliza nitumieni. Nitawatambulisha hapa mmoja mmoja, na nitaanza na mpiga drams.