Miezi Miwili Juu ya Kaze

Wasomaji wapenzi wa lugha yetu, leo naomba ruhusa nisizungumzie ngeli wala mizani. Nina deni la zaidi ya miaka 30, na juma lililopita lilinijia tena mlangoni, tena kwa mikono ya mjukuu wangu mwenyewe.

Alikuja likizo na kompyuta yake. Jioni, baada ya chakula, akaiweka juu ya meza akasema, "Babu, nimekuletea ile sinema ya Tabora uliyokuwa ukitusimulia." Nikavaa miwani. Ilikuwa filamu ya Marekani ya mwaka 1962, iliyoongozwa na Irwin Allen, yenye jina lile lile la riwaya ya kwanza ya Jules Verne, ile ya majuma matano angani ndani ya puto. Tulitazama mpaka mwisho. Mjukuu akacheka mara nyingi, nami nikanuna mara nyingi zaidi. Ilipokwisha akaniuliza, "Sasa babu, Tabora iko wapi humu?"

Niseme kwanza kwa nini niliitarajia.

Nikiwa chuo cha ualimu, mkufunzi mmoja aliposikia natoka Tabora alinyoosha kidole akatangaza mbele ya darasa zima kwamba mji wetu umo katika riwaya mashuhuri ya Kifaransa, iliyotungwa na baba mmojawapo wa riwaya za kubuni za kisayansi. Hakusema zaidi, nami sikuuliza zaidi. Nilivimba kichwa. Nilipoanza kufundisha fasihi, kila mwaka nikawapa wanafunzi wangu habari hiyo kama mtu agawaye karanga: jueni kwamba kabla hata reli haijafika hapa, mji wenu ulikwisha kuruka angani katika kitabu. Kitabu chenyewe nilikuwa sijakisoma. Mwalimu anayesifu kitabu asichokisoma si mwalimu, ni mpiga debe; lakini hilo nalisema leo nikiwa mstaafu.

Mwaka 1994 nikakipata kwa Kiingereza, kimechakaa, hakina jalada. Sikungoja hata kukimaliza. Nilikipeleka kidato cha tatu, nikatafuta sura ya Kaze, nikaanza kuisoma kwa sauti huku nikiifasiri papo hapo.

Kwa wasioijua: riwaya hiyo ilitolewa Paris mwaka 1863. Daktari Samuel Fergusson, Mwingereza, pamoja na rafiki yake Kennedy, mwindaji wa Kiskoti, na mtumishi wake Joe, wanapaa kutoka Zanzibar mwezi Aprili 1862 kwa puto liitwalo Victoria. Nia yao ni kuvuka Afrika kutoka mashariki hadi magharibi na kuunganisha yale yaliyoonwa na wasafiri waliotangulia: Burton na Speke upande huu wetu, na Barth upande wa Sudani ya magharibi. Puto linafuata ile njia ya misafara, juu ya vilima na mapori ambayo mababu zetu waliyakanyaga kwa miguu. Kwa siku mbili tu linafika Kazeh, kama wasafiri wa karne ile walivyoiandika Kaze, ambayo ndiyo Tabora yetu. Burton na Speke, mwaka 1857, walitumia siku 134 kutoka pwani hadi hapa.

Darasa lilifurahi. Soko la Kaze lilikuwa limejaa watu, pembe na kelele, nao wanafunzi wakatabasamu kama waliokutana na jamaa yao ugenini. Kisha puto likashuka, na watu wote wa Kaze wakalikimbia kwa hofu. Waganga wakatangaza kwamba huo ni mwezi ulioshuka, na wale wazungu watatu ni wana wa mwezi. Wakamwomba daktari akamtibu sultani wao, naye akamkuta mahututi kwa ulevi. Joe akaabudiwa na kuchezewa ngoma. Halafu usiku ukaingia na mwezi halisi ukachomoza. Watu wakaona miezi miwili katika anga moja, wakatambua wamedanganywa, wakaja juu. Puto likapaa haraka, na mganga mmoja aliyeng'ang'ania nanga akachukuliwa nalo hewani.

Nilipofika hapo kicheko kilikuwa kimekwisha. Nami nilikuwa nafasiri polepole zaidi na zaidi, kama mtu ashukaye ngazi gizani. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, akasimama akauliza, "Mwalimu, ndiyo sisi hao?"

Sikuwa na jibu. Nilisema kengele inakaribia kugonga, nikafunga kitabu. Hilo ndilo deni langu.

Sasa turudi kwenye filamu. Mtu aliyesoma riwaya akiitazama ataona imeacha njia tangu hatua za kwanza. Kennedy na Joe hawamo. Badala yao yumo mwandishi wa magazeti wa Kimarekani, yumo kijana Jacques aliyeigizwa na mwimbaji Fabian, wamo mabinti wawili wa kuokolewa, na yumo sokwe wa kuchekesha. Puto si Victoria tena bali Jupiter. Safari ya utafiti imegeuzwa mbio za bendera: serikali ya Uingereza inamtuma Fergusson awahi kuisimika kando ya mto Volta kabla ya wafanyabiashara ya watumwa. Katika kitabu safari inaishia mto Senegal. Na kile kisa cha mwezi? Kimo, lakini kimehamishiwa mji wa Kiarabu wa kubuni, uitwao Hezak.

Andika jina hilo kwenye karatasi, msomaji, kisha lisome herufi kwa herufi kuanzia mwisho. Mimi nililiandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Nikaona KAZEH.

Sikujua nicheke au nilie. Mji wangu ulikuwemo, ila umepinduliwa kama mfuko wa nguo, makunyanzi nje. Mjukuu akasema, "Basi wameharibu kitabu, babu." Nilikuwa karibu kuitikia, maana hilo ndilo lalamiko letu sote wapenda vitabu kila sinema inapotoka: hawakufuata kitabu. Lakini ulimi ukakataa. Nilikumbuka dawati la nyuma. Kama filamu ingekifuata kitabu hatua kwa hatua, ingekuwa imetutendea wema gani? Ingewaonyesha wazee wangu, kwa rangi na kwa muziki, wakilisujudia puto.

Hapo ndipo nilipoona kwamba kwa miaka yote nilipima kwa kipimo kisicho chake. Uaminifu kwa kitabu si fadhila inayojitosheleza. Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha hapa hapa Tabora, alipofasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venisi, hakuandika neno "mfanyabiashara". Aliita Mabepari wa Venisi, nayo ikatoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Alikiacha kichwa cha asili akijua anakwenda wapi na anawapeleka akina nani. Msomaji wa Kitanzania alifunguliwa mlango ambao neno jingine lisingeufungua. Kwa hiyo si kila aachaye njia amepotea. Swali ni moja: ameiacha ili aone nini? Irwin Allen aliiacha ili apate nafasi ya nyimbo, mabinti na sokwe. Sina ugomvi naye mkubwa. Alitengeneza mchezo wa kuwafurahisha watoto, na mjukuu wangu alifurahi.

Swali zito ni kwa Verne mwenyewe, maana naye alikuwa mhamishaji. Hakupata kuiona Kaze. Alikuwa na umri wa miaka 34, yuko Ufaransa, mezani pake pana habari za wasafiri, na kubwa miongoni mwao ni za Burton. Kama vile Allen alivyokitoa kitabu cha Verne kwenye karatasi akakitia katika picha, Verne aliwatoa watu wa Kaze katika kumbukumbu za safari akawatia katika riwaya. Filamu iliacha kitabu. Kitabu kilikuwa kimeacha watu.

Tazama aliacha nini.

Mwaka 1858, Burton na Speke waliporudi Kaze kutoka Ujiji, walikuwa wameliona Ziwa Tanganyika. Lakini ni hapa Kaze ndipo walipopata habari za ziwa jingine, lililo kaskazini na kubwa kuliko lile. Msimulizi wao mkuu alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiomani aliyekuwa mwenyeji wao, mtu ambaye Burton mwenyewe alimsifu kwa maarifa. Habari za namna hiyo hazizaliwi sebuleni. Zilikusanywa na misafara, na misafara ilikwenda kwa miguu na mabega ya wapagazi wa Kinyamwezi. Mwezi Julai wa mwaka ule Speke aliondoka Kaze kuelekea kaskazini, na mwanzoni mwa Agosti alikuwa amesimama mbele ya maji ambayo leo twayaita Ziwa Viktoria. Kutokana na safari hiyo kukazuka ile hoja kuu juu ya chimbuko la Nile, na juu ya hoja hiyo ndipo Verne alipojenga riwaya yake: baada ya Kaze puto linaelekea ziwani, kisha kwenye Nile.

Maana yake, bila Kaze puto lisingekuwa na njia ya kufuata. Watu waliochorwa wakilidhani mwezi ndio walioonyesha lilikotakiwa kwenda.

Na mwezi wenyewe! Unyamwezi ni jina lililozoewa kuelezwa na watu wa pwani kuwa nchi ya upande wa magharibi, unakoandamia mwezi mchanga. Verne alilipenda jina hilo, akalifanyia mzaha kwamba watu wa nchi ya mwezi wataabudu kila kiviringo kinachong'aa. Lakini hebu fikiri kama mpagazi. Mtu aliyehesabu safari yake kwa miezi, anayejua mwezi utamwangazia usiku upi na utamnyima usiku upi, ndiye wa kuchanganya mwezi na mfuko wa hariri? Na Kaze ya mwaka 1862 ilikuwa mji wenye Waislamu wengi. Nilikaa na kalenda nikahesabu: Ramadhani ya mwaka 1278 wa Hijria iliisha karibu na mwanzo wa Aprili 1862. Verne analishusha puto lake Kaze katika mwezi huo huo wa Aprili. Mji uliokuwa umetoka kukodoa macho upande wa magharibi, ukiutafuta uzi mwembamba wa mwezi wa Idi, wiki chache tu nyuma, ndio anaouambia kwamba haujui mwezi ni nini!

Simwiti Verne mwovu. Aliyaona mengi kwa akili yake ambayo wengine hawakuyaona kwa macho, na mpaka leo nikisoma anavyoieleza njia ya misafara kutoka juu, moyo wangu hupaa pamoja naye. Jioni ninapotembea kwenda Kwihara, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, hutazama juu ya vichwa vya miembe na kulifikiria lile puto. Ni wazo zuri, nami sitaki kunyang'anywa. Ninachokataa ni kupaa kwake kwa gharama ya kutudogosha sisi tuliobaki chini.

Dawa yake, kwa maoni yangu, si kudai filamu aminifu. Shaaban Robert alitupa Kusadikika, nchi iliyo angani, ikatuma wajumbe wake kwenda huku na huko kutafuta maarifa, wakarudi wakatiwa gerezani na wakubwa wao. Hakuna mgeni aliyeshuka na puto kuwafundisha watu wake; wenyewe walikwenda, wenyewe walikosea, na wenyewe, kwa ulimi wa Karama, walijitetea. Kitabu hicho ni cha mwaka 1951. Mbegu tunayo. Nawaza riwaya ya kijana wa Tabora ambamo puto lile linashuka sokoni Kaze, na mpagazi mmoja mzee anainua macho, anakohoa, anauliza bei ya kitambaa.

Mjukuu alipoagwa kwenda kulala nilimwambia wazo hilo. Akacheka, kisha akanyamaza, akasema, "Babu, huyo mzee lazima awe ndiye mwenye kusimulia." Nikamwambia aandike.

Na wewe binti wa dawati la nyuma, ambaye sasa bila shaka ni mama wa watu, popote ulipo: nisamehe kwa kengele ile. Jibu ni hapana. Hao si sisi. Sisi ndio tulioelekeza njia. Nami sikulijua jibu hilo siku ile kwa sababu nilikuwa na haraka ya kujivunia jina letu katika kitabu cha mtu kabla ya kuuliza limewekwa humo kwa kazi gani.

Kwa kuwa ukumbi huu ni wa washairi, nisiondoke mikono mitupu:

Hatukuukosa mwezi, njiani tukichukua,
Mabegani upagazi, kwa jua na kwa mvua,
Anga kwetu si la juzi, kila nyota twaijua,
Nani tena mpuuzi, mwezi asoutambua?

Kaze ina simulizi, nyingi hazijachanua,
Tusiwaachie wezi, jina letu kupindua,
Nawausia wajuzi, kalamu kuzichukua,
Nani tena mpuuzi, mwezi asoutambua?