Kengele ya geti kule Geita

Nimerudi hosteli juzi, vumbi la Geita bado liko kwenye raba. Mnauliza mbona likizo nzima nilikuwa kimya. Nilikuwa nafunga kengele, jamani. Ile ya getini yenye kamera, mtu akibonyeza unamwona kwenye simu. Msicheke kwanza.

Kwa mama mdogo kuna mdogo wangu wa miaka tisa, ana ualbino. Mtu wa kanda ya ziwa sina haja ya kumweleza zaidi. Februari 2015 kule Chato, mkoa huohuo wa Geita, mtoto wa mwaka mmoja alinyakuliwa na mama yake akakatwa mapanga. Mei 2024 akachukuliwa mwingine wa miaka miwili, Muleba, Kagera. Wote wawili walichukuliwa nyumbani kwao. Baba mdogo anaingia shifti ya usiku mgodini, kwa hiyo hodi ikipigwa saa tatu usiku, mama mdogo anazima redio na kusikiliza sauti kwanza. Hebu fikiria, nyumba ya Wasukuma inakaa kimya mgeni akipiga hodi!

Basi baba mdogo akanunua kifaa. Karatasi ya maelekezo imechorwa kwa ajili ya nyumba za Marekani, ambako transfoma ndogo inashusha umeme wa kengele hadi volti 16 mpaka 24, na ndani ukutani kuna kikengele cha kinyundo, ding-dong. Kengele yetu ya zamani ilikuwa imeungwa moja kwa moja kwenye volti 230. Fundi wa mtaani keshashika bisibisi, anasema "waya ni waya tu". Nikamwambia kaka, hapo tutakaanga kitu. Tukaachana na waya, tukatumia betri yake ya kuchaji.

Kamera ikashika siku ileile. Picha safi, mpaka mbuzi wa jirani unamhesabu ndevu. Lakini ndani ya nyumba, kimya. Inayolia ni simu ya baba mdogo, na akiwa kazini simu inafungiwa kabatini. Mimi naona hawa watu wanatuuzia kamera wakati mwenye nyumba anachotaka ni mlio. Video ya mtu aliyeruka geti ikiwa imelala kabatini mgodini, inamsaidia nani? Polisi labda, tena kesho yake.

Kumbe kengele ya ndani inauzwa peke yake, ya kuchomeka kwenye soketi. Tukaagiza Dar, ikaja na basi. Nayo ikagoma! Lazima kwanza uitambulishe kwenye programu, halafu uiambie ifuate kitufe kipi. Hapo bado waifai. Geti la chuma, ukuta wa tofali, ruta iko chumbani nyuma inarusha gigahezi 5, ambazo kwenye kuta zinachoka upesi. Tukaiweka kwenye 2.4, tukaihamishia dirishani sebuleni. Ding-dong! Mama mdogo akapiga vigelegele utafikiri harusi.

Umeme ukikatika je? Soketi ikifa, kengele nayo inakufa, na usiku wa giza ndio wenyewe. Tukanunua betri ndogo ya kushikilia ruta, na simu ya zamani tukaiwekea programu, inalala pembeni ya kitanda cha mama mdogo, sauti juu.

Simu hiyo mwenyewe sasa ni dogo. Macho yake hayaoni mbali, si mnajua ualbino unakuja na hilo pia. Mtu akisimama getini, dogo akiwa barazani anaona kivuli tu. Sasa anashika simu karibu iguse pua, anaikuza picha, anatangaza kwa nguvu: "Ni yule mama wa maandazi!" Miaka yote alikuwa anangoja kuambiwa nani kaja. Siku hizi yeye ndiye anayewaambia wenzake.

Kuna mzee jirani amekataa kabisa kubonyeza. Anasimama mbele ya kamera, anapiga hodi zake tatu, anangoja. Mama mdogo anamwitikia karibu kupitia kamera, mzee anaruka hatua nzima nyuma, hehehe.

Jana usiku dogo kanipigia kwa simu ya mama yake. Bando la ruta limeisha, baba yuko shifti, nimtumie. Nimetuma. Boom lenyewe mnalijua, lakini hili halina mjadala.