Mteja wa nambari uliyopiga

Leo somo letu la hifadhidata nimeliweka kando, tutalirudia wiki ijayo Mungu akipenda. Kuna kijana tunayefanya naye kazi, mtengenezaji programu hodari sana, ambaye aliniuliza kwa nini kila uchaguzi ukikaribia naanza kuwasumbua jamaa zangu niwaombe nambari za simu za majirani zao. Nikamwambia ni mambo ya 2007. Akasema yeye alikuwa na miaka sita, anachokumbuka ni kwamba shule zilichelewa kufunguliwa!

Basi nimeona niandike.

Tulipiga kura Alhamisi tarehe 27 Desemba 2007. Jumapili tarehe 30 Samuel Kivuitu, aliyekuwa mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, akamtangaza Mwai Kibaki kuwa mshindi, na jioni hiyohiyo rais akaapishwa Ikulu. Siku ileile serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Ukiwasha televisheni unakuta muziki na vipindi vya kawaida, ukichungulia dirishani unaona moshi. Siku ya mwaka mpya kanisa la Kiambaa nje ya Eldoret likachomwa moto na watu wakiwa ndani.

Mimi nilikuwa Nairobi, Umoja. Mama alikuwa Nakuru, ndugu yangu mdogo Kisumu, na shangazi yangu, dada yake marehemu baba, alikuwa Langas, Eldoret. Ukiongeza binamu na wakwe, watu niliohitaji kujua habari zao walikuwa kumi na mmoja.

Hamkuwa na WhatsApp wakati huo. Intaneti ya Kenya nzima ilikuwa inapitia setilaiti (nyaya za baharini zilifika 2009) na kwa mtu wa kawaida ilikuwa kitu cha saiba. Saiba zilifungwa. Ikabaki simu ya mkononi, na simu bila kredi ni tochi tu. Maduka yalikuwa yamefungwa, na kadi za kukwaruza zikaadimika. Mtaani kwetu kadi ya shilingi 100 iliuzwa 150, na ilibidi ujuane na muuzaji. Aliyekuwa na chochote kwenye M-Pesa, huduma iliyokuwa haijatimiza hata mwaka, alinunua kredi humo humo akawagawia wenzake kwa Sambaza. Binamu yetu aliyeko Minnesota alikuwa akitununulia kredi kupitia tovuti za Wakenya wa ng'ambo, akikesha kwa sababu usiku wake ndio mchana wetu. Nadhani yeye aliteseka kuliko sisi. Sisi tulisikia risasi zikinyamaza, yeye hakusikia kitu.

Sasa hapa ndipo kazi yangu iliponifaa, na si kwa sababu niliandika programu yoyote. Ilinifaa kwa sababu nilijua simu inasema nini inapokataa.

Wote mnaijua ile sauti ya dada anayesema mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Siku hizi ni mzaha, mtu akijificha anayemdai tunasema "yuko mteja". Januari 2008 haikuwa mzaha. Mama aliisikia alipompigia shangazi, akakaa chini, akaanza kulia kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba. Nikamweleza hivi. Simu inapozimwa kwa kitufe chake, kabla ya kulala inauaga mtandao. Mtandao unaandika kwamba mtu huyu hayupo, na ukimpigia dada anajibu papo hapo. Lakini betri ikichomolewa, au simu ikitoka ghafla mahali penye mawimbi, hakuna kuaga. Mtandao unaitafuta kwanza, na wewe unasikia ukimya wa sekunde kadhaa kabla ya dada kusema. Simu ikikaa kimya kwa saa nyingi, mtandao wenyewe unachoka na kuifuta, kwa hiyo dalili hii ni ya muda mfupi tu. Tena kuna busta. Kila busta ina betri za akiba na nyingi zina jenereta, na jenereta inataka dizeli, na barabara zilikuwa zimezibwa kwa mawe na miti hata Uganda na Rwanda zikakosa mafuta. Busta ikizimika, kijiji kizima kinakuwa mteja kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo "mteja" haina maana moja. Mama akafuta machozi akaniuliza, "Sasa yeye ni mteja wa aina gani?" Nikamwambia, mama, yake inajibu papo hapo. Labda ameizima kutunza moto wa betri. Sikuwa na hakika, lakini pia sikumdanganya.

Jambo la pili nililowalazimisha jamaa zangu ni kuacha kupiga simu. Mnara una nafasi chache za mazungumzo. Katika GSM wimbi moja linagawanywa vipande vinane vya muda, na si vyote ni vya kuongelea. Watu wa mtaa mzima wakipiga pamoja, nafasi zinakwisha na wote wanasikia mlio wa kukatika. SMS haipiti humo. Inapita kwenye njia ileile ambayo simu na mnara hutumia kuambiana mambo yao, inajipenyeza hata pale sauti imekwama. Na uzuri wake mkubwa ni kwamba inasubiri. Unaituma kwenye seva ya ujumbe, seva inakuta mwenye simu hayupo, inaishikilia, na simu ikiwashwa tu mtandao unaikumbusha seva kwamba mtu wako amerudi.

Nilikuwa na Nokia 1100. Kwenye mipangilio nikawasha ripoti ya kufikishwa, na muda wa ujumbe kuishi nikauweka wa mwisho kabisa ili usifutwe baada ya siku moja. Kisha nikamtumia shangazi SMS fupi: "Tuko salama. Usijibu kama huna kredi." Hiyo ilikuwa Jumatatu tarehe 31.

Jumanne hakuna. Jumatano hakuna. Alhamisi hakuna.

Wakati huohuo nilikuwa na daftari. Baadaye nikaliingiza kwenye kompyuta, lakini lilianza kama daftari la shule lenye mistari iliyochorwa kwa rula. Jina, nambari, nambari ya mtu aliye karibu naye. Kisha safu mbili ambazo ndizo zilizotuokoa na wazimu: "mara ya mwisho kusikika" na "nani kasema". Sikuwa na safu ya "yuko salama". Niliikataa makusudi, hata ndugu yangu wa Kisumu alipoona ni ukatili. Salama ya saa nne asubuhi si salama ya saa kumi jioni. Mtu akikwambia fulani yuko sawa, muulize amemsikia lini na kwa sikio lake au la mwingine. Siku zile jumbe zilikuwa zinaruka kama nzige, za uongo, za chuki, za "watumie watu kumi", hadi serikali ikafikiria kuzima SMS kabisa. Zingezimwa, mimi na shangazi tungekuwa tumekwisha. Kampuni za simu zikashauri zitumwe jumbe za amani badala yake, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ujumbe wa "Langas imeteketea yote" nilipokea mara saba kutoka kwa watu saba. Nilipouliza nani kasema, wote saba walikuwa wameupata kwa mtu mmoja aliyeko Thika!

Usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 4, saa tisa na dakika kumi na mbili, simu ikatetemeka chini ya mto. Ripoti. Umefikishwa.

Nilikaa kitandani nikiitazama. Haikusema yuko hai, kwa kweli. Ilisema simu yake imewashwa na mtu fulani. Hamu ya kupiga ilikuwa kubwa sana, lakini simu inayolia gizani inaweza kumfichua aliyejificha, na kama moto wa betri ni mdogo, mlio wenyewe unaumaliza. Nikamtumia kredi ya shilingi 100 kwa Sambaza na maneno haya: "Kama ni wewe shangazi, nikumbushe tulichochinja arusi ya dada." Ilipofika saa kumi na mbili kasoro likaja jibu: "Hatukuchinja chochote mbuzi alitoroka. Niko shoo."

Shoo ni uwanja wa maonyesho wa Eldoret, ambako maelfu walikuwa wamekimbilia. Nyumba yake iliungua tarehe 31 jioni. Alikuwa ametoka na simu, kitambulisho na sufuria. Simu aliizima mwenyewe, na alikuwa akiiwasha usiku dakika mbili tu, lakini hadi Alhamisi hakuwa amefika mahali penye mawimbi.

Tukapanga naye utaratibu. Kila jioni saa moja ananiflashi mara moja, maana yake nipo. Mara mbili, maana yake nipigie. Flashi haina gharama, na mimi ndiye niliyewaarifu wengine wote, ili jamaa kumi wasimpigie shangazi mmoja na kumuulizia yaleyale huku wakimmalizia betri. Kuchaji pale shoo kulilipiwa, kwenye betri ya gari, na foleni ilikuwa ndefu. Mtu wa kupokea habari za familia awe mmoja, na awe mtu aliye mbali na moto. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu mapenzi yana fujo. Kila mtu anataka kuisikia sauti kwa sikio lake.

Mama hakukubali kupangwa. Tarehe 25 Januari vita vilipoingia Nakuru, nilianza kumtumia SMS kila saa. Akanijibu mara mbili, kisha akapiga yeye mwenyewe: "Mwanangu, ukiniuliza kila saa kama niko hai, hata mimi nitaanza kuwa na shaka. Nina watoto wa jirani sita sebuleni. Kula, ulale, nitakuita." Nikala ugali wa jana nikalala. Kesho yake akaniita.

Katika siku hizohizo Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake, tarehe 3 Januari, akiomba watu wa teknolojia wajenge ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi. Erik Hersman, David Kobia, Juliana Rotich na wengine wakaijenga kwa siku chache tu, wakaiita Ushahidi, na mtu aliweza kutuma taarifa kwa SMS au kwa tovuti. Imetumika tangu hapo nchi nyingi, ikiwemo Haiti 2010. Sisi watengenezaji programu wa Nairobi tulijivuna sana, na tulikuwa na haki. Lakini wakati ule niliifungua mara moja nikaifunga. Ramani ilinionyesha Eldoret inawaka. Niliyemtaka alikuwa mwanamke mmoja mwenye sufuria. Ushahidi uliandikwa ili nchi isije ikakana baadaye, daftari langu liliandikwa ili mama alale. Ni kazi mbili tofauti, na mtu asizichanganye wakati wa kubuni mfumo.

Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Februari 2008, Kofi Annan akiwa msuluhishi. Waliokufa walizidi 1,100. Katika daftari langu mistari kumi na mmoja ilipata jibu. Mstari wa kumi na mbili niliuongeza kwa ombi la shangazi: mpangaji wake, fundi wa redio. Kwenye "mara ya mwisho kusikika" imeandikwa 31/12, jioni, langoni. Kwenye "nani kasema", shangazi. Tuliuliza hata kwa Msalaba Mwekundu, ambao walikuwa na dawati la kutafuta waliopotezana. Nambari yake ilijibu papo hapo kwa miezi, kisha ikapewa mtu mwingine.

Yule kijana wa ofisini anaona siku hizi haya yote hayana haja kwa sababu ya tiki mbili za WhatsApp. Tiki mbili ni ripoti ileile ya Nokia, imevaa nguo mpya. Facebook nayo ilileta kitufe cha kujitangaza salama 2014, kizuri kwa aliye na intaneti. Tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoingia Bungeni, intaneti ya Kenya ilishuka vibaya saa za alasiri, na mpwa wangu alikuwa katikati ya jiji. Tiki moja, ikabaki moja. SMS ya kawaida ilimfikia. Alikuwa amejifungia kwenye duka la vitabu na watu wasiojuana, wakigawana chaja moja.

Faili ninalotumia sasa ni CSV tupu, safu tano zilezile, kilobaiti mbili. Nimelichapisha pia kwenye karatasi, kwa sababu kompyuta nayo huwa mteja. Uchaguzi ni Agosti 2027. Nambari za majirani bado nakusanya. Shangazi, ambaye anaishi Kitale siku hizi, amenipa nne, na mojawapo ni ya muuza maziwa ambaye anasema hazimi simu hata kanisani.