Sijui Bado

Subaru Impreza WRX ya miaka ya tisini haiwezi tena kuletwa Kenya kwa njia ya kawaida, maana sheria huzuia magari yaliyopita miaka 8. Kwa hiyo ile ambayo binamu yangu alitaka kuinunua hapa Magwagwa ilikuwa imezeekea kwetu, katika vumbi letu na vilima vyetu vya chai. Kijana aliyekuzwa na hadithi za Safari Rally, za Patrick Njiru na za ushindi wa Colin McRae mwaka 1997 ndani ya Impreza, haendi kuangalia gari kama hilo kwa moyo mtulivu. Nilimsindikiza, na hadi leo najiuliza huwa tunaamuaje kwamba kitu kimechoka.

Chini ya injini palikuwa na oili. Mwenye gari hakuificha, nami nilimheshimu kwa hilo. Injini iliyooshwa ikang'aa siku ya kuuzwa ndiyo inayonitia wasiwasi. Fundi tuliyekwenda naye hakushughulika na tone. Alipandisha tochi taratibu, akitafuta mahali pa juu kabisa palipolowa, kwa kuwa oili huteremka, na upepo wa mwendo huisukuma nyuma hadi idondoke mbali na ilikotoka. Injini ya Subaru imelala, pistoni zikielekea kulia na kushoto, na tapeti kava ziko ubavuni, chini. Gasketi yake ikikauka, oili hudondokea ekzosi na kunuka moshi. Harufu hiyo hutisha, ilhali gasketi yenyewe si ghali. Palipolowa pakiwa ni pale injini inapokutana na giaboksi, hapo ni lazima mojawapo ishushwe, na gharama hubadilika.

Kuchakaa ndiko kulikonisumbua zaidi, kwa sababu hakuachi alama sakafuni. Fundi alitoa plagi zote akapima kompresheni, silinda moja baada ya nyingine. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, kuna jambo. Moja ilibaki nyuma ya wenzake. Katika injini iliyosimama wima, angemimina oili kidogo ndani na kupima tena: shinikizo likipanda, ringi zimelika, lisipopanda, shuku valvu. Katika injini iliyolala oili hiyo hutuama upande wa chini, haiizunguki pistoni yote, na jibu lake haliaminiki.

"Sasa fundi, tatizo ni nini?" nikauliza.

"Sijui bado, ndugu yangu. Tutajaza upepo ndani, tusikilize unatokea wapi."

Nilitamani jibu siku ile ile, hata lingekuwa baya. Labda ndivyo ninavyowatendea watu pia: anayefoka namhesabu kuwa ndiye mwenye shida, aliyenyamaza simpimi. Sina hakika. Ninachojua ni kwamba mtu aliyeshika spana miaka mingi alilitamka neno "sijui" bila aibu, na nikamwamini zaidi.

Binamu yangu hajalipa. Nawe ukiitwa kuangalia gari la zamani, fika asubuhi injini ikiwa baridi, na umwombe mwenyewe asiiwashe kabla hujafika.